Kibaba cha Mpagazi: Hesabu ya Chakula cha Siku Moja

Msafiri atokaye mjini Tabora kuelekea kusini hufika Kwihara baada ya kilomita chache tu. Hapo pana tembe ya udongo ambayo siku hizi ni nyumba ya makumbusho. Henry Morton Stanley alifika Kwihara tarehe 23 Juni 1871, akiwa njiani kumtafuta David Livingstone. Na tarehe 18 Februari 1872 wote wawili waliingia hapo wakitokea Ujiji. Mwezi uliofuata Stanley alishika njia ya pwani. Livingstone alibaki Kwihara hadi tarehe 25 Agosti mwaka huo huo, akisubiri kitu kimoja tu: watu wa kubeba mizigo yake. Hatimaye Stanley alimpelekea kutoka pwani wapagazi 57, na safari ikaendelea.

Wageni wengi wazuruo tembe hiyo huuliza habari za Wazungu hao wawili. Makala haya yana swali jingine. Je, mpagazi aliyewabebea mizigo alikula nini kwa siku, na chakula hicho kilitosha? Swali hili lina faida zaidi ya kutujuza mambo ya kale. Anayeweza kulijibu kwa hesabu ataweza pia kuhesabu chakula cha mkulima, cha karani, cha mama anyonyeshaye na cha mwanafunzi aketiye darasani. Njia ya hesabu ni ile ile.

Mzigo na posho

Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni mwendo wa zaidi ya kilomita 800. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu, nguo, shanga na nyaya za shaba ilikwenda na kurudi katika njia hiyo, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliojulikana kote kwa kazi hiyo. Walikuwa watu wa ujira. Katika njia hiyo hiyo walipita pia watu waliotekwa na kufanywa watumwa, ambao hawakuwa na ujira wala sauti juu ya chakula chao. Na kila tutakalolisema hapa kuhusu upungufu wa mpagazi huru, kwao lilikuwa zito zaidi.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani ratili 70 au kilo 32 hivi. Juu ya mzigo huo aliongeza mkeka wake, chungu, silaha na chakula chake mwenyewe. Msafara uliondoka alfajiri na aghalabu ulituama karibu na adhuhuri. Maji yalipokuwa mbali, watu walipiga tirikeza, yaani walitembea tena alasiri mpaka giza likaingia.

Chakula cha kila siku kiliitwa posho. Mara nyingi mpagazi hakupewa nafaka yenyewe bali kipande cha nguo au shanga za kununulia nafaka kijijini. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa kibaba kimoja kwa mtu mmoja kwa siku. Kibaba ni robo ya pishi, na kibaba cha nafaka kilikuwa na uzito wa ratili moja na nusu, sawa na gramu 680 hivi. Sote tunajua kwamba haba na haba hujaza kibaba. Sasa tutazame kibaba kikishajaa kina nini ndani yake.

Nguvu ya chakula hupimwaje?

Chakula ni kuni za mwili. Nguvu itokayo katika kuni hizo hupimwa kwa kalori. Kalori itumiwayo katika mambo ya lishe ni ile kubwa, yaani kilokalori: kiasi cha joto kinachopandisha kilo moja ya maji kwa digrii moja ya Sentigredi. Siku hizi wanasayansi hutumia pia kilojuli, na kilokalori moja ni sawa na kilojuli 4.184.

Mwishoni mwa karne ya 19 Mmarekani Wilbur Atwater na wenzake walichunguza kwa makini nguvu ambayo mwili huipata katika vyakula mbalimbali. Kutokana na kazi yao tunatumia mpaka leo kanuni hii nyepesi:

Gramu 1 ya wanga hutoa kilokalori 4.
Gramu 1 ya protini hutoa kilokalori 4.
Gramu 1 ya mafuta hutoa kilokalori 9.

Msomaji aziweke namba hizi tatu akilini, maana zitatufikisha mwisho wa safari yetu. Na aone jambo moja tangu sasa: mafuta hutoa nguvu zaidi ya mara mbili ya wanga kwa uzito ule ule.

Lakini protini si kuni tu. Ni udongo wa kujengea: misuli, damu, ngozi na vimeng'enya vya mwili hutengenezwa kwa protini. Mafuta nayo hujenga kuta za seli, na huusaidia mwili kufyonza vitamini A, D, E na K. Kwa hiyo hesabu ya chakula ina maswali matatu: nguvu kiasi gani, protini kiasi gani na za namna gani, na mafuta kiasi gani.

Mwili wa mpagazi ulidai nini?

Hata mtu aliyelala hutumia nguvu. Moyo hupiga, mapafu hupumua, na joto la mwili halina budi kudumu. Matumizi haya huitwa kiwango cha msingi. Kwa mwanamume wa umri wa miaka 18 hadi 30, wataalamu wa Umoja wa Mataifa hukadiria kiwango hicho hivi: uzito wa mwili kwa kilo huzidishwa kwa 15.057, kisha hujumlishwa 692.2.

Tumchukue mpagazi kijana mwenye uzito wa kilo 55. Kilo 55 mara 15.057 ni 828. Ukijumlisha 692 unapata kilokalori 1,520 kwa siku. Hicho ndicho kiasi cha kumweka hai bila ya kuinua hata kidole.

Kisha huja kazi. Wataalamu hukizidisha kiwango cha msingi kwa namba inayoonyesha uzito wa kazi za siku nzima. Kwa mtu anayeshinda ameketi, namba hiyo ni kati ya 1.40 na 1.69. Kwa mwenye kazi za wastani ni 1.70 hadi 1.99. Kwa mwenye kazi nzito ni 2.00 hadi 2.40. Mtu anayetembea nusu siku na kilo 32 mabegani, kisha akakata kuni, akachota maji na kujenga kambi, hana budi kuwekwa katika kundi la mwisho. Tuchukue 2.25. Hesabu inatoa kilokalori 3,420 kwa siku.

Kilichokuwamo katika kibaba

Tuseme kibaba kilijaa mtama. Gramu 100 za mtama zina kilokalori 340 hivi, protini gramu 10.5 na mafuta gramu 3.3. Kwa hiyo gramu 680 zina kilokalori 2,310, protini gramu 71 na mafuta gramu 22. Hiyo ni kabla ya kutwanga na kupepeta, kazi ambazo hupunguza kiasi hicho.

Sasa tulinganishe. Mwili unadai 3,420; kibaba kinatoa 2,310. Pengo ni kilokalori 1,110 kila siku ya mwendo.

Pengo hilo lina maana gani? Kilo moja ya shahamu ya mwili huhifadhi kilokalori 7,700 hivi. Mpagazi anayepungukiwa 1,110 kwa siku hupungukiwa 7,770 kwa juma. Kwa maneno mengine, angeikausha kilo nzima ya mwili wake kila juma. Safari ya Stanley kutoka Bagamoyo, iliyoanza tarehe 21 Machi 1871, ilichukua miezi mitatu kufika Kwihara. Hata tukiondoa siku za mapumziko, hakuna kijana wa kilo 55 awezaye kupoteza kilo moja kila juma kwa miezi mitatu na bado akabeba frasila mbili. Hivyo hesabu yenyewe inatushuhudia kwamba mpagazi hakuishi kwa kibaba peke yake. Palikuwa na chakula kingine, na pale kilipokosekana, mzigo ulianguka pamoja na mbebaji.

Vipi kuhusu protini? Wataalamu husema mtu mzima ahitaji gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya mwili wake. Kwa kilo 55 hiyo ni gramu 46. Kibaba kina 71. Kwa mtazamo wa kwanza mpagazi ana akiba kubwa. Lakini hapa mwanafunzi ajihadhari, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba protini hazilingani. Protini hujengwa kwa asidi-amino, na baadhi yake mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima ziliwe. Mojawapo ni laisini, ambayo mtu mzima huhitaji miligramu 30 kwa kila kilo ya mwili, yaani miligramu 1,650 kwa mpagazi wetu. Protini ya mtama ina laisini chache, kiasi cha miligramu 20 katika kila gramu. Gramu 71 zitatoa miligramu 1,420 tu, na si zote zitakazosagwa tumboni. Ni sawa na fundi mwenye matofali mengi na saruji kidogo: nyumba haipandi kwa wingi wa matofali.

Sababu ya pili ni kwamba mwili wenye njaa ya nguvu huchoma protini kama kuni. Mtu anayepungukiwa na kalori hawezi kujenga misuli kwa protini anazokula, maana mwili umekwisha kuzitia motoni. Ndiyo maana haifai kuzungumzia protini bila ya kutaja kalori.

Kuhusu mafuta, gramu 22 mara 9 ni kilokalori 198, sawa na asilimia 9 hivi ya nguvu iliyomo katika kibaba. Mapendekezo ya kimataifa ni kwamba mafuta yasipungue asilimia 15 ya nguvu zote kwa mtu mzima, na tangu mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani limesisitiza yasizidi asilimia 30. Kibaba kilikuwa chini ya mpaka wa chini.

Pengo lilizibwaje?

Jibu liko katika mashamba na misitu ya Unyamwezi yenyewe. Nchi ya Tabora ni nchi ya miombo: ina asali, uyoga wakati wa mvua, na kumbikumbi warukao baada ya mvua za kwanza. Wakulima wake hulima karanga, njugu mawe, kunde na viazi vitamu. Viazi hukaushwa vikawa michembe, na majani ya kunde huanikwa yakawekwa kwa ajili ya kiangazi. Mnyama alipopigwa njiani, nyama iligawanywa na iliyobaki ikakaushwa.

Tuongeze katika kibaba cha mtama gramu 150 za karanga na gramu 100 za kunde au maharage makavu:

Mtama gramu 680: kilokalori 2,310, protini gramu 71, mafuta gramu 22.
Karanga gramu 150: kilokalori 850; protini gramu 39; mafuta gramu 74.
Kunde au maharage gramu 100: kilokalori 335, protini gramu 22, mafuta gramu 1.
Jumla: kilokalori 3,495, protini gramu 132, mafuta gramu 97.

Pengo limezibwa. Mafuta yamefikia asilimia 25 ya nguvu zote. Na laisini, iliyokuwa pungufu, imeongezeka sana, kwa kuwa mikunde ina laisini nyingi: gramu 100 za maharage peke yake zina kiasi cha miligramu 1,500. Nafaka nayo ina asidi-amino zenye salfa ambazo maharage hayanazo za kutosha. Kila mmoja humkopesha mwenzake. Mabibi zetu waliopika makande hawakuijua laisini kwa jina, lakini chungu chao kiliijua.

Karanga zilikuwa na faida nyingine. Kati ya Ugogo na Unyanyembe palikuwa na pori lililoitwa Mgunda Mkali, lililokuwa na uhaba mkubwa wa maji na chakula, na misafara ililazimika kubeba posho ya siku kadhaa. Mtu akibeba mtama wa siku 7 kwa kibaba kimoja kila siku, ameongeza karibu kilo 5 juu ya mzigo wake. Lakini kilo moja ya mtama hubeba kilokalori 3,400, na kilo moja ya karanga hubeba kama 5,670. Kwa abebaye chakula chake kichwani, mafuta ni nguvu nyingi katika uzito mdogo. Livingstone naye, alipokuwa akingoja pale Kwihara mwaka 1872, alitengeneza jibini ya kuchukua safarini: maziwa mengi yaliyogeuzwa kuwa tonge dogo la protini na mafuta.

Kibaba vitani

Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Ilionekana kana kwamba kichwa cha mpagazi kimetuliwa mzigo wake. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani yalipopigana katika nchi hizi, yalichukua mamia ya maelfu ya Waafrika kuwa wapagazi, wengi wao kwa nguvu. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora, na nyuma yao walikuwa watu wenye mizigo kichwani.

Hapa kibaba kilionyesha ubaya wake wote. Mpagazi wa msafara aliweza kununua karanga kijijini, kuwinda au kukataa kuendelea. Mpagazi wa vita hakuweza. Vijiji alivyovipita vilikuwa vimekwisha kunyang'anywa chakula. Posho yake ilikuwa hasa nafaka au unga, mara nyingi pungufu, na mara nyingi hapakuwa na vyombo wala muda wa kuupika ukaiva. Kuhara damu, malaria na homa ya mapafu viliwaua wapagazi wengi kuliko risasi. Wanahistoria hukadiria kwamba katika upande wa Waingereza peke yake waliokufa walikaribia laki moja.

Si haki kusema kwamba njaa peke yake iliwaua. Mvua, baridi, vidudu na kuchoka vilishirikiana. Lakini mwili uliopungukiwa na nguvu na protini hushindwa kujikinga, na mwenye kuhara hupoteza hata kile kidogo alichokula. Jina la Kariakoo, mtaa mashuhuri wa Dar es Salaam, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi. Anayenunua unga katika soko lake leo anasimama juu ya kumbukumbu ya watu ambao posho yao haikuhesabiwa sawasawa.

Mtu wa mfano

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianza kuweka makadirio ya kalori kwa ulimwengu wote. Kamati yake ya kwanza ilikutana mwaka 1949. Ilimchukua mtu wa mfano: mwanamume wa miaka 25, uzito wa kilo 65, aishiye katika nchi yenye wastani wa joto la digrii 10 za Sentigredi, ikamkadiria kilokalori 3,200 kwa siku. Mwanamke wa mfano, mwenye kilo 55, alikadiriwa 2,300.

Ni dhahiri kwamba mtu huyo hakuzaliwa Tabora. Mwaka 1973 makadirio yalitazamwa upya, na mwanamume wa mfano mwenye kazi za wastani akapewa 3,000. Mwaka huo huo Tanzania ilianzisha kwa sheria Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka 1985 wataalamu wa kimataifa waligeuza njia yenyewe: badala ya kuanza na namba moja kwa watu wote, walianza na kiwango cha msingi cha mwili na kukizidisha kwa kazi. Taarifa iliyotolewa mwaka 2004 iliendeleza njia hiyo, nayo ndiyo tuliyoitumia hapa.

Mabadiliko haya yanatufundisha kwamba namba ya chakula cha siku ni kadirio la kundi la watu wanaofanana kwa umri, jinsia, uzito na kazi. Haimpimi kila mtu mmoja mmoja. Kibaba kilikuwa na kosa hilo hasa. Kilikuwa kipimo kimoja kwa mrefu na mfupi, kwa mwenye homa na mzima, kwa siku ya mapumziko na siku ya tirikeza. Kilipima ujazo wa chombo, hakikupima haja ya mtu.

Kosa hilo laweza kwenda upande wa pili pia. Karani wa kilo 70, mwenye umri wa miaka 40 na kazi ya kukaa, huhitaji kilokalori 2,500 hivi kwa siku. Akila sahani ya mpagazi, ziada itageuka shahamu, na baada ya miaka shinikizo la damu na kisukari vitabisha hodi. Chakula kilichomwokoa mmoja humdhuru mwingine.

Sahani ya mwanafunzi

Turudi sasa darasani. Kwa makadirio ya mwaka 2004, mvulana wa miaka 15 hadi 16 mwenye shughuli za wastani huhitaji karibu kilokalori 3,200 kwa siku, na msichana wa umri huo 2,500. Tazama namba ya mvulana: inaikaribia ile ya mpagazi! Mwili unaokua na mguu usiotulia una haja kubwa. Protini zinazohitajika ni gramu 0.9 hivi kwa kila kilo ya mwili.

Tupime chakula cha mchana kinachopikwa katika shule nyingi: ugali wa gramu 250 za unga wa mahindi na maharage gramu 60, vyote vikipimwa vikiwa vikavu. Unga una kilokalori 900, protini gramu 22 na mafuta gramu 10. Maharage yana kilokalori 200 na protini gramu 13. Jumla ni kilokalori 1,100, protini gramu 35 na mafuta gramu 10. Protini ni nzuri kwa mlo mmoja. Mafuta yako asilimia 8 tu, karibu sawa na kibaba cha mtama.

Tukitia katika mboga gramu 30 za karanga zilizotwangwa, sahani inapata kilokalori 1,270, protini gramu 43 na mafuta gramu 25, na asilimia ya mafuta inapanda hadi 18. Konzi moja ya karanga imeirekebisha sahani nzima. Lakini karanga zikaushwe vizuri na zilizoota ukungu zitupwe, kwa maana ukungu huo waweza kuwa na sumukuvu. Mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Hata hivyo sahani hiyo iliyorekebishwa ni nusu ya mahitaji ya msichana, na sehemu mbili tu kati ya tano za mahitaji ya mvulana. Mwanafunzi aliyetoka nyumbani bila ya kifungua kinywa, akatembea kilomita kadhaa, hawezi kuokolewa na mlo wa mchana peke yake, wala shule isiyopika kabisa haiwezi kumlaumu kwa kusinzia. Kabla ya kumwita mvivu, mwalimu na afanye hesabu. Mboga za majani, matunda na dagaa nazo zisisahauliwe, maana mwili huhitaji pia madini na vitamini ambazo hesabu yetu haikuzigusa; na wasichana huhitaji madini ya chuma zaidi.

Jaribio la darasani

Nguvu ya chakula yaweza kuonekana kwa macho. Tia sentimita za ujazo 20 za maji katika neli ya kioo na upime joto lake. Pima uzito wa punje ya karanga, ichome kwenye ncha ya sindano iliyosimamishwa juu ya kizibo, iwashe, kisha uiweke upesi chini ya neli mpaka iishe kuungua. Pima joto tena.

Tuseme punje ilikuwa gramu 0.6 na maji yalipanda kwa digrii 40. Gramu 20 za maji mara digrii 40 ni kalori ndogo 800, yaani kilokalori 0.8. Gawanya kwa 0.6: unapata kilokalori 1.3 kwa gramu. Lakini karanga ina 5.67! Nguvu iliyobaki imekwenda wapi? Wanafunzi wajadili: imepasha hewa, imepasha kioo, na nyingine imebaki katika masizi. Kisha warudie kwa kipande cha muhogo mkavu chenye uzito ule ule, walinganishe. Mwalimu asimame karibu na moto, na mwanafunzi anayedhurika na karanga asishiriki.

Jaribio la pili halihitaji moto. Leteni kibaba, au kopo lolote la kiasi hicho. Lijazeni mtama, mpime uzito. Kisha unga, kisha karanga. Chombo ni kile kile, lakini uzito ni tofauti, na kalori zinatofautiana zaidi. Mkishaona hivyo kwa mizani yenu wenyewe, mtafahamu kwa nini kibaba kilichojaa pomoni kiliweza kumwacha mtu na njaa.

Wapagazi waliopita Kwihara walibeba nguo, shanga, pembe na masanduku ya wageni, na vitabu vimehesabu mizigo hiyo frasila kwa frasila. Chakula chao hakikuhesabiwa hivyo. Hesabu hiyo tumeweza kuifanya leo kwa namba tatu za Atwater, kalamu na karatasi. Anayeisoma naye achukue karatasi yake, aandike alichokula jana tangu asubuhi hadi usiku, akijumlishe, na akilinganishe na kazi aliyoifanya.